Nani Ana Ufunguo? Siku Sita Katika Viwanja vya Nairobi

Siku ya kwanza, Jumatatu

Treni ya asubuhi ilitutoa Miritini saa mbili. Mkobani nilikuwa na daftari, kalamu mbili na ufunguo mmoja ulioanza kuota kutu. Ufunguo huo ndio ulionisafirisha.

Mtaani kwetu, kisiwani Mombasa, kuna kiwanja tunachokiita Mwarobainini. Ndipo kaka zangu walipochezea mpira, ndipo arusi za majirani zilipotandikiwa mikeka, na ndipo Wadigo, Wakamba, Wajaluo, Wasomali na Wahindi wachache waliobaki mtaani walipozoea kukutana bila kualikana. Kisha likaja jaa. Likaanza kama fuko moja la takataka, halafu nepi, halafu gari bovu lisilo na mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita walikuja wafadhili, sitawataja. Walitandika kabro, yale matofali ya saruji ya kutandikwa chini, wakajenga viti vya saruji, wakapanda mikungu kumi na miwili, na wakaweka mfereji ndani ya kisanduku cha chuma ili maji yasiibwe. Utepe ukakatwa, biriani ikaliwa, kisanduku kikafungwa. Wiki ya tatu tukaanza kuulizana ufunguo wa mfereji uko kwa nani. Ulipatikana mwezi wa tano, kwenye droo ya mtu aliyekwisha kuhama mtaa. Kufikia siku hiyo mikungu kumi na mmoja ilikuwa imekauka.

Juzi wamekuja wengine na wanataka kutengeneza tena. Safari hii kamati ya mtaa ilikataa kusaini kabla ya kujua wenzetu wanafanyaje. Nauli ikachangwa, nikatumwa mimi kwa kuwa ni mwalimu na shule zimefungwa. Jirani yangu, bi mkubwa ambaye nyumba yake inakitazama kiwanja, alinishika mkono: "Mwanangu, picha tumeshaziona. Wewe tuletee jibu."

Nilishuka Syokimau, kituo cha Nairobi cha treni ya Mombasa, mchana, nikapanda treni ya kuingia mjini, na kutoka stesheni kuu nikaifuata Moi Avenue kwa miguu mpaka Jeevanjee Gardens. Nilitaka kuanza hapo kwa sababu bustani hii ina kwao Mombasa pia. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kwetu Mombasa mwaka 1902, na mwaka 1906 akawapa watu wa Nairobi bustani hii. Mwaka 1991 ilitaka kugeuzwa maegesho ya magari na majengo ya biashara. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama na wananchi wengine wakapinga mpaka mpango ukaanguka.

Niliingia saa kumi. Chini ya mti mkubwa kulikuwa na duara la watu kama sitini, wote wamesimama, na katikati mtu mmoja akizungumza juu ya bei ya unga. Hapa ndipo Bunge la Mwananchi lilipozaliwa miaka ya tisini, na desturi yake bado ipo: aliye katikati hakatizwi. Mzee mmoja alishika gazeti lililokunjwa, na kila mtu alipotaka kudakia alimgusa begani kwa gazeti lile, pole pole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Hatua chache kutoka hapo muhubiri alikuwa na kipaza sauti kinachokwaruza. Kwenye nyasi watu walilala, viatu wamevifanya mito.

Nilipomuuliza yule mzee wa gazeti ni nani anayeilinda bustani, alidhani namuuliza habari za askari. Nikafafanua. Akasema, "Mama, siku watu wakiacha kuja hapa, wiki hiyo hiyo utaona mabati yamezungushwa."

Nimeliandika hilo na kulipigia mstari. Lakini nimeandika na jambo jingine: katika duara lile tulikuwa wanawake watano, mimi nikiwamo, na watoto hawakuwapo kabisa. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliwahi kuwakusanya watu hapa, vijana wakaichora bustani upya kwa mchezo wa Minecraft, mchezo wa kupanga matofali kwenye kompyuta, ili kila mmoja aonyeshe anachotaka. Naupenda sana mpango ule kwa sababu msichana wa miaka kumi na mitano anaweza kusogeza benchi mbele ya wazee bila kuomba ruhusa. Kiwanja kinachowaweka wanaume peke yao kina kasoro, hata kama kimejaa kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Nalala Eastleigh, kwa shangazi.

Siku ya pili, Jumanne

Asubuhi nilikwenda Michuki Park, kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Wengi wanamkumbuka John Michuki kwa mikanda ya usalama kwenye magari ya matatu. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi hii. Alipokuwa waziri wa mazingira, kuanzia 2008 mpaka alipofariki mwaka 2012, aliivalia njuga kazi ya kuusafisha mto huu. Baada yake mahali hapa palirudi kuwa jaa na gereji, na mnamo mwaka 2020 kazi ikaanza tena. Leo kuna njia za kutembelea, miti iliyoshika vizuri, na ndege ambao sikutarajia kuwasikia hatua chache kutoka kwenye kelele za magari. Maji bado ni meusi. Nilikaa juu ya jiwe nikayatazama kwa muda mrefu, na nakiri kwamba pamoja na weusi wake nilifurahi kuuona mto. Mji uliokuwa ukiupa mto mgongo umegeuka kuutazama.

Nje ya ua nilikutana na fundi wa magari aliyenieleza kwamba zamani alikuwa akifanya kazi hapo ndani. Hakuwa na chuki na miti. Alichouliza ni kitu kimoja: walipokuwa wakipanga njia na viti, mbona hakuna aliyekuja kumuuliza fundi atakwenda na jeki yake wapi? Swali lake sikuwa na jibu lake, nami sikujifanya ninalo. Nyumbani, yule mzee anayechonga mbao kwenye kona ya Mwarobainini nitakwenda kumuuliza kabla ya mtu yeyote kushika chepe.

Mchana nilipita Uhuru Park. Habari zake kila Mkenya anazijua: mwaka 1989 serikali ilitaka kusimamisha mnara wa ghorofa sitini hapo, na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaandika barua, akatukanwa, akaendelea kuandika, na mnara haukujengwa. Nilisimama tu kwenye kona ya Freedom Corner, walipokaa wale akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, nikawasomea Fatiha waliotangulia.

Jioni nilijaribu bustani nyingine mjini ambayo sitaitaja. Nilikaa kwenye nyasi, askari akapuliza firimbi. Nikahamia kwenye benchi, akaniambia muda umekwisha, na jua lilikuwa bado halijatua. Maua ya pale yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoyaona juma hili, na ndani tulikuwa watu wawili, yeye na mimi.

Siku ya tatu, Jumatano

Leo nina mengi.

Nilishuka Highrise nikateremka kuelekea Soweto East, upande wa Kibera unaopakana na Bwawa la Nairobi. Bwawa lilijengwa mwaka 1953. Sasa magugu maji yameota juu yake hata mgeni akadhani ni shamba. Kibera yenyewe ina historia ndefu ya watu kukaa pamoja: jina limetoka Kibra, neno la Wanubi lenye maana ya msitu, nao Wanubi ni kizazi cha askari waliotoka Sudan wakapewa nafasi ya kukaa hapa na serikali ya kikoloni. Iliwachukua mpaka mwaka 2017 kupata hati ya ardhi ya jamii, ekari 288. Kuwazunguka wamejaa Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengine. Ukitaka kujua kama kiwanja kinaweza kuwa cha wote katika mtaa wa watu mchanganyiko, hapa ndipo pa kuuliza.

Nilikuja kuona kazi ya Kounkuey Design Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 2006 na wanafunzi waliokuwa wakisoma usanifu huko Harvard. Jina lao ni la Kithai, maana yake kukijua kitu kwa undani. Wakiwa na vikundi vya wakazi wamegeuza majaa na kingo za mto kuwa viwanja, na kila kiwanja kinasimamiwa na kikundi cha hapo hapo. Cha kwanza kiko huku, kando ya Mto Ngong. Palikuwa jaa na maji ya mafuriko. Ukingo ulipandishwa kwa nyavu za waya zilizojazwa mawe, ikajengwa daraja, mahali pa watoto kucheza, banda la mikutano, na vibanda vya biashara.

Kilichonishika ni jinsi kila kitu kinavyolipia kingine. Viwanja hivi si bustani ya kupendeza macho peke yake. Pana choo na bafu la kulipia, mfereji wa maji ya kuuza, na sehemu ya kufulia. Anayekuja kuoga anapita mbele ya watoto wanaocheza, kwa hiyo watoto wana macho ya kuwatazama kutwa. Mama anayesubiri mtungi wake ujae anakaa kwenye benchi, na kwenye benchi ndipo maneno ya kikundi yanapopangwa. Na senti za choo ndizo zinazonunua rangi, msumari na ufagio.

Kwenye kiwanja kimoja nilikaa kwa muda wa karibu saa tatu na mama anayelinda choo. Shingoni alikuwa na kamba ya kiatu, na kwenye kamba funguo mbili. Mbele yake daftari la shule lenye jalada la bluu, limechorwa mistari kwa rula. Aliniruhusu kusoma ukurasa wa jana: choo 47, mitungi 112, kufua 9. Chini yake: sabuni, dawa ya choo, fundi wa bomba. Na chini kabisa, sahihi mbili. Nikamuuliza sahihi ya pili ni ya nani.

"Ya kijana wa usiku, madam. Mimi nikitoka saa moja namkabidhi funguo, anasaini. Asubuhi akinirudishia, nasaini mimi. Ufunguo ukipotea tunajua ulipotelea kwa nani."

"Na mkigombana?"

"Tunagombana sana. Tuligombana wiki nzima kama watoto wa shule wakija chooni walipe au wasilipe." Akaonyesha kwa kidevu wasichana wawili waliokuwa wakitoka. "Hawalipi."

Nikauliza kama makabila hayakuwagawa. Alinyamaza kidogo akifuta meza. Akasema kwamba wakati wa uchaguzi watu hukaa kwa wasiwasi, lakini foleni ya maji haina upande, na mwenye kuiharibu foleni ndiye atakayelala na mtungi mtupu. Kisha akaitwa na mteja.

Nimekaa na kurasa za daftari lile akilini mpaka sasa. Kwetu tulipewa kabro za bei kubwa, na hakuna aliyetupa daftari. Hata sisi wenyewe hatukulidai. Tulifikiri mali ya umma haina hesabu kwa kuwa si duka la mtu. Kumbe mali ya umma ndiyo yenye kuhitaji hesabu zaidi, kwa sababu hakuna mwenye duka wa kuamka usiku akiiwazia.

Siku ya nne, Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka Eastleigh.

Shangazi alikaanga mahamri, tukakaa dirishani tukitazama maji yakijaa barabarani. Alinisimulia mafuriko ya mwaka 2024, Aprili na Mei, na jinsi baadaye matingatinga yalivyobomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye mito. Wapo anaowajua waliopoteza vyote, kwanza kwa maji kisha kwa matingatinga. Niliwaza zile nyavu za mawe kule Kibera na wale watoto. Ukingo wa mto ukitengenezwa vizuri unaweza kuwa kiwanja mwaka mzima na kuyapisha maji siku chache, na hiyo ni afadhali mara elfu kuliko nyumba ya mtu kusombwa.

Shangazi naye ana malalamiko yake. Amekaa hapa miaka thelathini na anasema hajui mahali pa mwanamke kukaa nje bila kununua kitu.

Siku ya tano, Ijumaa

Dandora. Jina hili likitajwa watu hufikiria jaa tu, na kweli jaa lipo: lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa limejaa mwaka 2001, na taka bado zinamwagwa mpaka leo. Upepo ulipogeuka niliishika pua kabla ya kuliona. Nilikasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo. Watoto wanapumua moshi huo usiku na mchana.

Lakini mtaa wenyewe ulipangwa vizuri. Miaka ya sabini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, yaligawiwa maelfu ya viwanja vyenye maji na choo ili kila mtu ajijengee kidogo kidogo, na nyumba zikapangwa kuzunguka nyua za wazi. Wenyewe wanaziita korti. Kadiri miaka ilivyokwenda korti nyingi zikawa majaa madogo na maficho ya wezi. Vijana wa korti moja walijiita Mustard Seed, mbegu ya haradali, wakasafisha ya kwao, na ndani ya muungano wa Dandora Transformation League korti zikaanza kushindana kwa usafi na mapambo. Kushindana, ndiyo, kama timu za mtaani. Nadhani hapo ndipo akili yao ilipo. Badala ya kusubiri mradi, walichokoza wivu wa jirani.

Kijana aliyenitembeza ana miaka ishirini na kitu. Alisimama chini ya lango la chuma lililochomelewa na fundi wa hapo hapo, akaniambia bila kuinamisha uso kwamba zamani pale walipokuwa wakikaa, mtu mwenye simu hakupita. Sasa ndani pana nyasi, tairi zilizopakwa rangi na kujazwa udongo, mnara wa sukuma wiki uliopandwa kwenye magunia, na bembea mbili. Kila nyumba inatoa mchango wa mwezi. Usiku wenye magari wanaegesha ndani kwa malipo, asubuhi magari yanaondoka na watoto wanachukua nafasi yao. Uwanja mmoja, kazi mbili, na wala hazigongani.

Nikatoa ufunguo wangu wa kutu nikamsimulia habari yetu. Hakucheka. Alinipeleka kwenye lango akalishika kufuli.

"Kufuli ikinunuliwa inakuja na funguo tatu," alisema. "Moja iko na sisi vijana. Moja iko na mwenyekiti. Moja iko na shosho yule."

Shosho mwenyewe, yaani bibi mzee wa korti, alikuwa barazani akichambua maharagwe. Nyumba yake iko pembeni mwa lango na usingizi wake mwepesi, kwa hiyo anayechelewa kurudi humwita yeye, naye humjua kila mmoja kwa kikohozi. Nilimwamkia, nikamuuliza mwenyekiti akihama inakuwaje. Alijibu bila kuacha maharagwe: "Anayehama anaweka ufunguo hapa." Akapiga sinia kwa kidole. "Watu wakiona."

Nikakaa nikamsaidia kuchambua mpaka sinia likaisha.

Wakati wa kuondoka kijana aliniomba nisiandike kwamba mambo yamekwisha kuwa mazuri. Korti ya pili kutoka kwao imerudi kuwa chafu, waliokuwa wakiiongoza wamepata kazi mbali. Nimeahidi, na nimeandika.

Siku ya sita, Jumamosi

Treni ya kurudi. Niliingia Mombasa alasiri, na kabla ya kufika nyumbani nikapita Mama Ngina, bustani yetu ya ufukweni. Miaka mingi hapa tulikuwa tukikaa kwenye kuta zilizobomoka. Mwaka 2019 palitengenezwa ekari 26, na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka huo ikafanyiwa hapo hapo. Jioni hii mibuyu ilikuwa imesimama vile vile, meli ya makontena ikiingia Kilindini pole pole, na akina mama wa mabuibui wamekaa na watoto wao wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Muuza madafu niliyemzoea tangu utoto yupo, safari hii chini ya paa. Niliwahesabu wanawake kama nilivyofanya Jeevanjee, nikashindwa, walikuwa wengi mno. Nilimtumia shangazi ujumbe aje likizo ijayo.

Baada ya isha kamati ilikusanyika kwa bi mkubwa. Nilisoma daftari langu kuanzia mwanzo, nikakataa kufupisha. Mchonga mbao alikuwepo, nilipita kumwita mwenyewe. Aliuliza kama atapewa kivuli cha kufanyia kazi, na imeandikwa kwenye masharti kabla ya saini yoyote: kivuli chake kwanza, kabro baadaye. Mfereji utauza maji. Watoto wa madrasa na wa shule watakunywa bure. Daftari litakuwa la jalada la bluu, hilo nililing'ang'ania mimi.

Kisha nikaweka juu ya mkeka kufuli jipya nililolinunua njiani, na funguo zake tatu.

Wa kwanza ulikwenda kwa vijana. Wa pili bi mkubwa aliuchukua mwenyewe akaufunga kwenye pindo la leso. Kwa ule wa tatu ndipo tulipokwama. Wengine walitaka mwenyekiti, wengine imamu, mama Atieno wa mboga akasema yeye ndiye anayefungua kibanda alfajiri kabla ya wote, na mchonga mbao akasema yeye ndiye anayefunga kazi baada ya wote. Saa nne na nusu walikuwa bado wanabishana, sauti juu, chai imepoa. Ufunguo ulikuwa bado uko juu ya mkeka, na kijana mmoja alikuwa ameshatoka na tochi kwenda kutazama kama mfereji bado unatoa maji.